Klarineti kuukuu ya mwanafunzi haipandi bei kwa kuzeeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi, walimu wa bendi na yeyote anayetafuta klarineti ya kujifunzia iliyokwisha kutumika. Katika matangazo ya mitumba neno "ya kale" limekuwa kama chumvi, linatiwa kila chungu. Klarineti ya plastiki iliyotoka kiwandani miaka ya 1970 inaitwa ya kale, na mwenye nayo anataka bei ya kitu cha makumbusho. Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Kwa klarineti za wanafunzi si kweli. Zilitengenezwa kwa wingi mno, nyingi bado zipo chini ya vitanda na kwenye stoo za shule, na hakuna anayezikusanya kwa ajili ya umri wake.

Thamani yake hukadiriwa hivi: chukua bei ya klarineti ya jina na modeli hiyohiyo ambayo fundi amekwisha kuitengeneza na inapigwa, kisha utoe gharama ya kuifikisha hii ya kwako hapo. Kinachobaki ndiyo bei yake. Mara nyingi hakibaki kitu, na mnunuzi huligundua hilo akiwa ameshalipa. Mengi nitakayoyasema hapa ni namna ya kukadiria gharama hiyo kwa macho, vidole na mdomo kabla pesa haijatoka.

Tukubaliane kwanza majina. Klarineti ya B-fleti, ambayo ndiyo ya kuanzia, ina vipande vitano: kipulizio chenye ulimi wa mwanzi, kipipa kifupi chini yake, kipande cha juu, kipande cha chini, na kengele, yaani ule mdomo mpana wa mwisho. Vipande huingiliana kwa viungio vilivyovishwa koki (nasema lile gome jepesi la vizibo vya chupa, si koki ya bomba). Juu ya mwili kuna vibonyezo vya chuma, na chini ya kila kikombe cha kibonyezo kuna pedi inayoziba tundu.

Swali la kwanza si kama ni nzuri. Swali ni kama ni klarineti ambayo mwalimu wa leo anaweza kuifundishia. Mfumo, yaani mpangilio wa vibonyezo na matundu, unaofundishwa karibu kote, ukiacha Ujerumani na Austria, ni ule unaoitwa wa Boehm, ambao mpiga klarineti Klosé na fundi Buffet wa Paris walianza kuuonyesha mwaka 1839 na kuupatia hataza mwaka 1844. Hesabu: vibonyezo 17, pete 6 zinazozunguka matundu ya vidole, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kina vibonyezo vinne vya kuchagua. Ukikuta viwili tu upande huo, na mara nyingi vigurudumu vidogo katikati yake, basi umeshika mfumo wa Albert. Wapo waliopiga maajabu kwa mfumo huo, Johnny Dodds wa New Orleans akiwa mmoja wao, lakini mtoto anayeanza leo atakosa mwalimu, kitabu na hata mwenzake wa kumwigiza vidole. Kwa mwanafunzi thamani yake ni sifuri, hata ikiwa nzima kama yai.

Jambo la pili limewaponza wengi zaidi. Kabla ya kimo cha sauti kusawazishwa, viwanda vilitoa klarineti za vimo viwili. Kimo cha chini kinakaribia cha leo, ambapo A ni mitetemo 440 kwa sekunde. Kimo cha juu kilifika karibu 452. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusu-toni, na inatosha kabisa kuharibu bendi nzima. Angalia chini ya nembo au nyuma ya kipande: herufi H au HP ni kimo cha juu, L au LP ni cha chini. Pasipo na herufi, pima kwa utepe. B-fleti ya kimo cha leo, bila kipulizio, ina urefu wa karibu sentimita 60 kuanzia juu ya kipipa hadi ukingo wa kengele. Ikipungua kwa sentimita 2 hivi, ishuku. Ikizidi kwa sentimita 4 huenda ni klarineti ya A, ambayo ni chombo halali kabisa ila si cha mtoto wa darasa la bendi.

Muuzaji atakwambia kuwa kimo cha juu kinarekebishwa kwa kuvuta kipipa nje au kununua kirefu zaidi. Hakirekebishwi. Ukirefusha bomba kwa juu, noti zinazotumia bomba fupi, kama ile G ya kuacha matundu yote wazi, hushuka sana, na noti za chini kabisa zinazotumia bomba zima hushuka kidogo tu. Ala inaachana na yenyewe. Matundu yametobolewa kwa umbali wa kimo kile, na hayasogei.

Sasa mwili. Kuna aina nne: mti, plastiki, ebonaiti na chuma. Mti wenyewe ni mpingo, na msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuujua kwa jina lake la nyumbani, kwani unavunwa Tanzania na Msumbiji hata kama klarineti imeandikwa Paris. Ni mzito kiasi cha kuzama majini. Usiutambue kwa weusi wa nje, maana kuna plastiki iliyokwaruzwa kiwandani makusudi ifanane na mti. Tazama ndani ya kengele na ndani ya bomba: mti huonyesha nyuzi ndefu na vitundu vidogo vidogo, plastiki huwa laini tupu. Ebonaiti, ambayo ni mpira uliogumishwa kwa salfa, hugeuka rangi ya kijani au kahawia ikikaa juani, na ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto hutoa harufu ya salfa. Hiyo usiioshe kwa maji ya moto.

Kuna dai linalosikika kwamba mpingo umepigwa marufuku kuvuka mipaka, kwa hiyo klarineti kuukuu za mti sasa ni hazina. Ni kweli kwamba jamii yote ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa 2017, na vibali vilihitajika. Lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za mpingo ziliondolewa katika sharti hilo. Usilipe zaidi kwa sababu hiyo.

Mti hupasuka. Nyufa hutokea zaidi kwenye kipande cha juu, kwa kuwa ndicho kinachopata pumzi ya joto na unyevu mwanzo: ndani mti unavimba, nje bado ni mkavu na baridi, na kitu lazima kiachie. Shika kipande karibu na taa, mwanga uje kwa ubavu, ukizungushe polepole. Tazama zaidi sehemu ya juu kabisa, kandokando ya tundu dogo la kibonyezo cha kurukia sauti za juu, na kwenye matundu madogo ya vibonyezo vya pembeni. Ukiona mstari unaong'aa kuliko mti, huo ni ufa uliojazwa gundi. Ukiona vidoti vya mviringo vimejipanga pande mbili za mstari, fundi alipitisha pini za chuma kuukaza. Ufa uliotengenezwa hivyo na ukatulia miaka mingi hauharibu sauti. Unashusha bei tu, na kwa mnunuzi mjanja hiyo ni nafuu. Ufa unaopita katikati ya tundu ni habari nyingine, kwa sababu pedi haiwezi kuziba mfereji. Tazama pia kingo za matundu yenyewe. Kipande kidogo kilichomeguka ukingoni, kidogo kama chembe ya mchele, kitavujisha hewa hata ukiweka pedi mpya kila mwezi.

Pete za chuma kwenye kipipa na kengele zikizunguka ovyo, mti umekauka na kusinyaa. Si ugonjwa mkubwa, ila ni onyo kwamba klarineti imekaa kavu kwa muda mrefu.

Plastiki haipasuki kwa hali ya hewa, na ndiyo sababu naipendekeza kwa mtoto kuliko mti wa daraja la chini. Ugonjwa wake ni kiungio cha katikati. Koki ikikauka bila mafuta, mtoto huvipindapinda vipande kwa nguvu ili viachane, na kiungio cha plastiki hukatika kama karoti. Kukitengeneza ni kazi ya mashine ya kerezo: kukata mabaki, kuchonga kiungio kipya, kukigundisha na kukilinganisha. Kwa klarineti ya plastiki gharama hiyo pekee mara nyingi huipita klarineti. Kwa hiyo vitenganishe vipande mwenyewe, uangalie kiungio hicho kwa mwanga, uone kama kina mstari wa gundi.

Za chuma zina mashabiki wake. Zilivuma kati ya miaka ya 1920 na 1940, zikatumika sana na bendi za kutembea, kisha plastiki ikazifukuza. Chache zina thamani, kama Silva-Bet ya Cundy-Bettoney wa Boston na zile za Haynes zenye kuta mbili. Zilizobaki ni bomba moja la shaba lililochovywa nikeli, na kwa kweli nyingi zimeishia kuwa taa za mezani.

Nimefika kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko mwili, nalo ni madini ya vibonyezo. Mnunuzi hutazama mti na nembo. Fundi hutazama vibonyezo. Vibonyezo vizuri hufuliwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Kikipinda, kinanyooshwa. Kikikatika, kinaunganishwa kwa risasi ya fedha na kurudi kazini. Vibonyezo vibaya humiminwa katika kalibu kwa aloi ya zinki. Hivyo havipindi, hukatika papo hapo kama kibiriti, na haviungiki, kwa sababu aloi hiyo huyeyuka karibu nyuzi 390 za Selsiasi wakati risasi ya fedha inahitaji zaidi ya 600. Kibonyezo kitakuwa dimbwi kabla kiungo hakijashika. Kibonyezo kimoja kikivunjika na huna klarineti nyingine kama hiyo ya kuvulia vipuri, mchezo umekwisha.

Kuvitambua kunahitaji jicho kidogo. Tafuta mahali ambapo mchovyo, yaani tabaka jembamba la nikeli au fedha la juu, umelika, hasa pale vidole vidogo vinapokaa. Aloi ya nikeli chini yake ni nyeupe inayoelekea manjano kidogo, karibu na rangi ya sarafu. Aloi ya zinki ni kijivu kilichofifia chenye ubuluu, na mchovyo juu yake huvimba malengelenge. Mikono ya vibonyezo vya kumimina ni minene na ya duara mno, na pembeni unaweza kuona mstari wa kalibu. Sumaku haitakusaidia, kwani yote mawili hayavutwi. Mchovyo wa fedha ukiwa mweusi usiogope, huo ni uchafu wa juu unaofutika.

Halafu tikisa. Shika kila kibonyezo kirefu na ukisukume kufuata mhimili wake, kwenda na kurudi. Mchezo mdogo unaousikia kuliko kuuona ni wa kawaida. Ukiuona kwa macho, kama nusu milimita au zaidi, kibonyezo kimelika, na pedi yake itatua mahali tofauti kila mara. Hurekebishwa kwa kubana mrija wa kibonyezo, ila ni saa za kazi. Tazama vichwa vya skrubu. Mifereji iliyochanika ni alama ya mkono usiojua kazi, na skrubu iliyoshikwa na kutu ndani ya kiguzo inaweza kumchosha fundi nusu siku. Springi nyembamba kama sindano zihesabiwe: kila kibonyezo kirudi chenyewe kikiachiwa, tena kwa haraka. Ukikuta raba ya kufungia karatasi imezungushwa kwenye kibonyezo, usicheke. Springi imevunjika hapo, na pengine si moja.

Mwisho wa vibonyezo, angalia daraja, yaani vile vibao viwili vinavyopandana kipande cha juu kinapokutana na cha chini. Watoto huvipinda kila siku kwa kuunga ala bila kubonyeza pete za juu. Vibao visipogusana sawasawa, ile B-fleti ya kidole kimoja kila mkono haitoki. Kuvinyoosha ni dakika chache kwa anayejua.

Kipimo cha kuvuja kinamfaa mtu asiyeweza kupiga hata noti moja. Shika kipande cha juu, ziba ncha ya chini kwa kiganja kilicholowa kidogo, ziba matundu matatu ya mbele na la dole gumba, kisha nyonya hewa kwa juu. Kipande kikikung'ang'ania mdomoni kwa sekunde tano au zaidi na kuachia kwa mlio wa kizibo, kimeziba vizuri. Kikiachia mara moja, kinavuja. Kipande cha chini ni hivyohivyo, ila ubonyeze kibonyezo cha E ya chini kabisa ili pedi kubwa zifunge, na uzibe upande wa kengele. Ukitaka kujua pedi gani ina kosa, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya kusokotea sigara, uuweke kati ya pedi na tundu, ufunge kwa nguvu ya springi tu na uuvute. Uvutike kwa uzito uleule pande zote nne. Upande unaoteleza ndio unaovuja.

Pedi zenyewe ni 17, na nyingi huvishwa ngozi nyembamba ya utumbo wa mnyama. Ngozi iliyochanika, iliyokuwa njano na ngumu, au yenye mfereji mzito imekwisha. Kama klarineti imekaa miaka kumi kabatini, mimi huhesabu pedi zote kuwa za kubadilishwa hata zikionekana nzima, kwani mara ikianza kupigwa huachia moja baada ya nyingine. Seti kamili ni pedi 17, koki 3 za viungio vya mwili na ya nne ya kipulizio, vikoki vidogo vya kunyamazisha vibonyezo, springi mbili tatu, usafi na ulinganishaji. Vifaa vyenyewe si ghali. Muda ndio ghali, na muda huo ni uleule kwa klarineti ya bei rahisi na ya bei kubwa. Fundi hafanyi kazi haraka zaidi kwa sababu nembo yako ni ya chini.

Kama unaweza kupiga, au umekuja na mwalimu, njoo na kipulizio na ulimi unaovijua. Usiijaribu ala kwa kipulizio chake cha kisandukuni, maana utashindwa kujua kosa ni la nani. Ipashe joto dakika tano hadi kumi kisha fungua tyuna, kile kifaa cha kupimia kimo. Klarineti hairuki oktavu kama filimbi. Ukibonyeza kibonyezo cha kurukia inapanda hadi noti ya kumi na mbili ya ngazi, ukihesabu na ya kwanza, kwa kuwa bomba lake limenyooka na limezibwa upande mmoja. Basi ipime kwa jozi hizo: F ya chini na C juu yake, G na D, A na E. Tofauti ya senti 10 (nusu-toni moja ina senti 100) inavumilika. Ikivuka 20 katika jozi kadhaa, bomba au matundu yana kosa la kuzaliwa na fundi hatalitoa. Noti za katikati, G hadi B-fleti za kabla ya kuvuka kwenda sauti za juu, huwa na sauti hafifu kwenye klarineti zote, kwa hiyo usizihukumu kwa ukali.

Ukikuta ala nzima iko juu au chini kwa kiasi kinachokaribiana, tazama kipipa. Kipipa cha B-fleti huwa na milimita 64 hadi 67. Vipipa hupotea na kubadilishwa na chochote kilichopo. Angalia kama kina nembo ileile ya mwili, na kama namba ya kipande cha juu inafanana na ya kipande cha chini. Namba zisipofanana, umeletewa ndoa ya klarineti mbili, na ndoa hiyo huwa haina amani ya kimo.

Sasa majina, ambayo ndiyo yanayowachanganya wengi. Kampuni kubwa zilikuwa na madaraja, na jina la daraja la juu lilitumiwa kuuza la chini. "Henri Selmer Paris" ni ya wataalamu. "Bundy" ni ya wanafunzi, ilitengenezwa Elkhart huko Indiana, na "Resonite" iliyoandikwa juu yake si aina ya mti, ni jina la kibiashara la plastiki. Kati yao ipo "Signet", ambayo kwa kawaida ni ya mti na inastahili kuangaliwa. Kwa Leblanc, "Vito" (jina la Vito Pascucci, aliyeianzisha Leblanc ya Marekani mjini Kenosha mwaka 1946) ni plastiki ya wanafunzi, na "Normandy" na "Noblet" ni mti wa daraja la kati. Noblet nzima ni miongoni mwa klarineti kuukuu ninazomshauri mwanafunzi bila kusita. Kwa Buffet Crampon, "Evette" ni ya wanafunzi na "Evette & Schaeffer" iko juu yake. Hapo kuna siri yenye faida: R13 za zamani, ambazo ni za wataalamu tangu miaka ya 1950, hazikuandikwa R13 mwilini. Zina nembo ya Buffet na namba tu. Ukikuta nembo hiyo pasipo Evette wala majina ya modeli za wanafunzi kama E11 na B12, iandike namba na uitafute katika orodha za namba kabla muuzaji hajaitafuta yeye.

H. N. White wa Cleveland aliuza King kama ya juu, kisha Cleveland na American Standard chini yake. Conn walikuwa na Pan-American. Kwa Boosey & Hawkes wa London, "Regent" na "Edgware" ni za kuanzia, wakati "Imperial" na "1010" ni za juu, na 1010 ina bomba pana la zaidi ya milimita 15 linalodai kipulizio chake maalumu. Ukiipa kipulizio cha kawaida, itaimba nje ya kimo na utailaumu bure. Yamaha YCL-250 si ya kale kwa maana yoyote, ila kati ya plastiki zilizotumika ndiyo rahisi kuuzwa tena, kwa kuwa matundu yake yamekaa mahali pake na vipuri vinapatikana.

Kuna kundi la mwisho, klarineti zilizotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya waagizaji na kugongwa jina lolote mteja alilotaka. Nyingi zimeandikwa Paris, Conservatory, au picha ya medali. Maneno hayo ni mapambo. Mti wake huwa mzuri, vibonyezo ni bahati nasibu, na hakuna orodha ya namba ya kukusaidia. Hizo zihukumu kwa vidole tu, na zilipwe bei ya chini hata zikiwa nzuri, kwa sababu siku ya kuuza nawe hutapata zaidi.

Hesabu basi. Tuseme Bundy iliyotengenezwa ikapigwa ina bei ya sehemu 100. Pedi zote na koki kwa fundi mwaminifu zinaweza kula sehemu 80 hadi zaidi ya 100. Hapo Bundy isiyotengenezwa haina bei, ichukue tu ukipewa bure. Sasa Noblet au Signet iliyo tayari ina bei ya sehemu 250 au 300 kwa kipimo hichohicho, na kazi ya fundi ni ileile. Ukiipata kwa 100, ukaitengeneza kwa 100, umebaki na nafasi ya ufa usiouona na springi zilizojificha. Mimi huacha asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya hayo. Ndiyo maana klarineti "ya rahisi zaidi" mara nyingi ndiyo ya hasara.

Kipulizio ukihesabie kando. Kile cha kisandukuni kinaweza kuwa na ncha iliyomeguka au reli (kingo mbili ambapo ulimi hulala) zilizolika, na hapo mwanafunzi atalaumiwa kwa sauti ambayo si kosa lake. Yamaha 4C au Vandoren, pamoja na ulimi wa nguvu ya 2 au 2½, vitabadilisha klarineti ya kawaida kuliko kuihama kwenda klarineti nyingine. Sanduku lenye harufu ya uvundo, litupe. Harufu hiyo ni ukungu na imeshaingia ndani ya pedi pia.

Klarineti ya mti iliyolala miaka isipigwe saa nzima siku ya kwanza. Dakika 10 hadi 15 kwa siku katika wiki mbili za mwanzo, ikaushwe kwa kitambaa ndani kila mara, na isipelekwe kutoka kwenye baridi moja kwa moja kinywani. Wengi wameinunua nzima na kuipasua wenyewe siku ya tatu.

Anayenunua kwa mbali bila kuishika, aombe picha hizi kabla ya kutuma pesa: ncha za viungio vyote vitatu kutoka mbele, sehemu ya juu ya kipande cha juu kwa mwanga wa ubavu, namba za vipande vyote viwili, nembo ya kipipa, pedi kubwa za chini zikiwa wazi, na kibonyezo chochote mahali mchovyo ulipolika. Na aulize ni lini pedi zilibadilishwa mara ya mwisho na nani. Jibu la "sijui, ilikuwa ya babu" lihesabiwe kama seti nzima ya pedi 17.

Wako msomaji,
Fundi wa ala za kupuliza